Watu tisa, sauti moja

Kabla sijavishwa tepe za koplo nilikuwa namba mbili wa bombomu kwa miaka miwili. Namba mbili ndiye anayelala kushoto kwa mpigaji, anaushikilia mkanda wa risasi usijisokote, anatazama risasi zinaangukia wapi na kumwambia mwenzake "juu kidogo", "kulia", "hapohapo". Sifa huzipata namba moja. Maumivu ya mgongo ni ya namba mbili, kwa sababu mkanda wa risasi 200 una uzito wa karibu kilo 6, na sijawahi kumwona namba mbili aliyebeba mkanda mmoja tu.

Kisha nikapewa seksheni. Watu tisa, mimi wa kumi. Katika zoezi langu la kwanza, tukiwa na risasi zile za mlio bila kichwa, tulitakiwa kuteka handaki moja juu ya kilima. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Upande wa kulia ulikwenda ulikotaka wenyewe, bombomu ikanyamaza wakati ule ule ninaoihitaji, nami nikafika handakini na watu wawili, wote wakihema na kunitazama kana kwamba nimewatupia wenzao mtoni. Sajini aliyekuwa anatufunza hakufoka.

"Koplo, unaongoza watu wangapi?"

"Tisa, afande."

"Wangapi wamekusikia?"

Nikahesabu kichwani. "Wawili, afande."

"Basi una seksheni ya watu wawili. Rudi chini, anza upya."

Jeshi nimeliacha zamani, lakini swali lile halijaniacha. Ndilo lililonifanya nianze kusoma seksheni ilitoka wapi: kwa nini watu kumi na si thelathini, kwa nini inagawanywa mafungu, nani alimwamini koplo kwa mara ya kwanza na kwa sababu gani. Nilidhani nitakuta jeshi fulani lenye akili lililokaa chini likabuni. Nilichokuta ni majeshi yanayookota vipande, huku kwa rafiki, kule kwa adui, na mara nyingi yakiokota kitu kisicho chenyewe.

Nianzie Colenso, Afrika Kusini, tarehe 15 Desemba 1899. Waingereza wanapigana na Makaburu. Meja Jenerali Hart, mwenye brigedi ya Waairishi, aliwafanyisha watu wake kwata kwa nusu saa asubuhi ile, kisha akawapeleka mtoni wakiwa wamebanana bega kwa bega. Mto Tugela mahali pale unajikunja kama mfuko, na Hart akawaingiza mfukoni. Ng'ambo walikuwepo Makaburu ndani ya mahandaki, na bunduki zao za Mauser zilitumia baruti isiyotoa moshi. Zaidi ya watu 500 wa brigedi ile waliuawa au kujeruhiwa, na wengi wao hawakuona hata kofia ya aliyewapiga.

Makaburu kwata hawakuijua. Walikuwa wakulima wenye farasi, viongozi wao wakiwachagua kwa kura, na kila mmoja alijua kutafuta jiwe la kujificha bila kuambiwa. Waingereza walijifunza kwa damu: wakaanza kutawanyika, wakaacha nafasi kati ya mtu na mtu, wakasogea kwa zamu, hawa wakipiga huku wale wakikimbia. Waliokota hata neno. Kikosi cha Makaburu kiliitwa kommando, na mwaka 1940 Waingereza wakawapa jina hilo askari wao wa mashambulizi ya ghafla. Kila tunapomsifu mtu kwamba ni komando, tunamvika jina la wakulima wenye ndevu ambao kupiga saluti kuliwachosha.

Miaka mitano baadaye somo likafutwa ubaoni. Vita vya Urusi na Japani, 1904 hadi 1905, vilikuwa na watazamaji kutoka majeshi mengi makubwa. Ian Hamilton alikuwepo kwa niaba ya Waingereza, Max Hoffmann kwa niaba ya Wajerumani. Jeshi la Japani lenyewe lilikuwa limefundishwa na Mjerumani, Meja Jakob Meckel, aliyefika huko mwaka 1885, kwa hiyo Hoffmann alikuwa kama mwalimu aliyekuja kusimamia mtihani wa mwanafunzi wa kwao. Wajapani waliwakarimu wageni, wakawachelewesha Tokyo, na hata walipowafikisha Manchuria hawakuwaacha wazurure watakavyo. Habari za bombomu, seng'enge na mahandaki ya Port Arthur, ngome ya Warusi, zilifika Ulaya zote. Hitimisho likawa kwamba mwenye moyo mkuu na singe hushinda, ilimradi awe tayari kupoteza watu. Wafaransa waliipenda sana imani hiyo. Agosti 1914 askari wao waliingia vitani wamevaa suruali nyekundu.

Sioni kwamba watazamaji wale walikuwa wajinga. Hoffmann hakuwa mjinga hata kidogo. Ila walikaa na majenerali, wakala na majenerali, wakauliza majenerali. Ukimuuliza jenerali kwa nini kilima kilitekwa atakwambia habari za ujasiri. Muulize koplo, atakuonyesha korongo alilopitia.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoivunja kombania, kundi la askari mia na zaidi, vipande vipande. Mwaka 1915, kwenye milima ya Vosges, Kapteni Willy Rohr wa Ujerumani alikabidhiwa kikosi cha majaribio kilichokuwa kimeshaonja kushindwa. Kilianza na mzinga mdogo wa Krupp wa milimita 37 ambao haukufaa, na badala yake wakaja kutumia mizinga ya Kirusi iliyotekwa, ya milimita 76.2, mitutu ikakatwa iwe mifupi. Watu wa Rohr walikwenda kwa makundi madogo, mifuko imejaa mabomu ya mkono, viwiko na magoti yametiwa viraka vya ngozi kwa ajili ya kutambaa, na kila kundi lilikuwa limeshafanya mazoezi kwenye nakala ya handaki la adui iliyochimbwa nyuma ya mstari. Ustadi huo ulisambaa mbali: vijana wa Kifini waliofunzwa Ujerumani kwa siri katika miaka ile ndio waliokuja kuwa uti wa mgongo wa jeshi la Finland.

Wapo wanaodai Wajerumani waliiba yote haya kwa Mfaransa. Ofisa kijana, André Laffargue, aliandika kijitabu mwaka 1915 kuhusu namna ya kushambulia, kikiwemo kipengele cha vikundi vya mbele vya kunyamazisha bombomu. Wajerumani walikipata mwaka 1916, wakakitafsiri. Hadithi tamu, ila tarehe zinaikataa: Rohr alikuwa ameshaanza kazi. Mimi naamini watu wawili wanaopigwa na silaha ya aina moja, kwenye matope ya aina moja, wanaweza kufika kwenye wazo moja bila kuibiana.

Ninayempenda kuliko wote katika habari hii hakuwa na viraka vya ngozi. Ni Arthur Currie, jenerali Mkanada mwenye kitambi, ambaye kabla ya vita alikuwa dalali wa nyumba na viwanja. Januari 1917 alikwenda Verdun pamoja na maofisa wengine kuwauliza Wafaransa walichojifunza baada ya mwaka mzima wa kuuana pale. Na hapa ndipo nilipofunga kitabu nikasimama nikazunguka chumba. Currie aliwauliza majenerali wa Kifaransa, akaandika majibu. Kisha akawatafuta maofisa wadogo waliokuwa mstari wa mbele, akawauliza maswali yale yale. Majibu hayakufanana. Currie akawaamini wadogo.

Alirudi na mambo machache ya wazi. Lengo la shambulio liwe kitu kinachoonekana, kilima au msitu, si mstari wa handaki ambao mizinga imeshaufuta. Askari wote waonyeshwe ardhi watakayoivuka, si maofisa peke yao. Na platuni, yaani seksheni chache chini ya luteni mmoja, ijitegemee.

Hilo la mwisho ndilo zito. Kwenye mto Somme, tarehe 1 Julai 1916, Waingereza walipoteza watu 57,470 kwa siku moja, 19,240 kati yao wakiwa wamekufa. Wakati huo platuni ilikuwa kundi la wenye bunduki tu. Warusha mabomu na wapiga bombomu nyepesi walikuwa mafundi wa pembeni, wenye mabosi wao. Luteni akikutana na bombomu ya adui, dawa yake ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Mwongozo wa Kiingereza wa Februari 1917 ukaigawa platuni seksheni nne: ya bunduki za kawaida, ya mabomu ya mkono, ya mabomu ya kufyatuliwa kwa bunduki, na ya bombomu nyepesi aina ya Lewis. Sasa luteni alikuwa na kila kitu ndani ya umbali wa kelele moja. Lewis inakunyamazisha, mabomu yanakuinamisha, wenye singe wanakuja kwa ubavuni.

Tarehe 9 Aprili 1917 Wakanada walipanda mwinuko wa Vimy kwa mtindo huo. Kabla ya hapo ramani zipatazo 40,000 ziligawiwa, hadi kwa askari wasio na cheo chochote. Mimi ramani yangu ya kwanza nilipewa nikiwa koplo, na nilitakiwa kuirudisha jioni. Vimy ilitekwa kwa siku nne. Wakanada 3,598 walikufa, na sisemi hivyo ili ionekane ni wachache.

Silaha nazo zina pasipoti za kuchekesha. Lewis ilibuniwa na Mmarekani, Kanali Isaac Lewis. Jeshi la kwao likaikataa, akaipeleka Ubelgiji, mwishowe ikatengenezwa Birmingham kwa maelfu. Vita vilipokwisha Waingereza wakaitafutia mrithi, wakamkuta Chekoslovakia. Bren ni jina lililounganishwa: Brno, mji wa bunduki ile ya Kicheki, na Enfield, kiwanda cha Kiingereza. Bunduki hiyo hiyo ya Kicheki, ZB 26, Wachina waliipigia Wajapani, na Wajerumani waliichukua walipoimeza Chekoslovakia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ingawa hapa wenyeji wengi hawakupona.

Na bombomu yangu, FN MAG, iliyoniachia mgongo huu? Imeundwa Ubelgiji. Utaratibu wake wa kufunga chemba umetokana na bunduki ya Kimarekani aina ya BAR, ukageuzwa juu chini. Namna inavyomeza mkanda imetoka kwenye bombomu ya Wajerumani, MG 42. Miaka miwili nilikuwa namlisha chotara wa maadui wawili, na hakuna aliyeniambia.

Katika Vita Kuu ya Pili kila jeshi lilijenga seksheni yake kuizunguka bombomu, au kuikwepa. Wajerumani walikuwa na watu kumi, na kwa kweli wengi wao walikuwa namba mbili: kazi yao ilikuwa kubeba risasi za MG 42, iliyoweza kufyatua takriban 1,200 kwa dakika, na kuilinda. Waingereza walikuwa na kumi pia, fungu la Bren na fungu la bunduki, wakipokezana kusogea. Wamarekani walikuwa na kumi na wawili na BAR moja yenye magazini ya risasi 20, wakiamini bunduki nzuri mikononi mwa kila mtu inatosha. Kiongozi mmoja kwa watu kumi na mmoja. Ninapoisoma hiyo koo langu linakauka upya.

Jibu la swali la sajini nililikuta kwa wanamaji wa nchi kavu wa Marekani, wale wanaoitwa marines, na walikuwa wamelitoa China.

Evans Carlson alikuwa ofisa wao. Alikuwa amepigana na waasi Nicaragua, mahali ambapo doria ndogo ya msituni inamfunza ofisa mambo ambayo gwaride haliyafunzi. Mwaka 1937 akatumwa China kama mtazamaji, na tofauti na watazamaji wa Manchuria, yeye alitembea. Alifuatana na Jeshi la Nane la Njia, wakomunisti waliokuwa wanapigana na Wajapani kaskazini, mamia ya kilomita kwa miguu. Aliona jeshi lisilo na viatu vya kutosha ambalo askari wake walijua kwa nini wanapigana, kwa sababu kabla ya mapigano waliambiwa mpango, na baada ya mapigano waliruhusiwa kusema nini kimeharibika. Aliporudi alisifu alichokiona kwa sauti kubwa kiasi cha kuwaudhi wakubwa. Mwaka 1939 akajiuzulu ili aseme kwa uhuru, na 1941 akarudi kazini.

Mwaka 1942 akapewa batalioni ya pili ya Raiders, kikosi cha wanamaji hao cha mashambulizi ya ghafla. Akafanya mambo mawili. La kwanza, akagawa seksheni ya watu kumi kuwa mafungu matatu ya watu watatu, kiongozi akiwa wa kumi. Kila fungu lilikuwa na bunduki ya kawaida ya Garand moja, BAR moja na bunduki fupi ya Thompson moja. La pili, akafuta sehemu kubwa ya tofauti kati ya ofisa na askari: chakula kimoja, mikutano ya wote, kila mtu na haki ya kusema. Kauli mbiu yao, gung ho, aliitoa kwenye ushirika wa viwanda huko China, akaielewa kuwa ni kufanya kazi pamoja.

Uvamizi wao wa kisiwa cha Makin, Agosti 1942, haukwenda vizuri; mawimbi yaliwazuia kurudi kwenye manowari, na tisa walioachwa kwa bahati mbaya walikamatwa na kukatwa vichwa. Doria ya kisiwa cha Guadalcanal ndiyo iliyowapa jina, kuanzia Novemba hadi mapema Desemba mwaka huo, karibu mwezi mzima nyuma ya Wajapani, wakipoteza watu 16 na kudai kuua zaidi ya 480.

Halafu mapema 1944 Raiders wakavunjwa. Wakubwa hawakuwahi kupenda kikosi teule, na Carlson mwenyewe alishaondolewa kwenye batalioni. Lakini mwaka huo huo jeshi lote la wanamaji likapokea seksheni mpya: watu kumi na watatu, mafungu matatu ya watu wanne, BAR moja kwa kila fungu, na kiongozi mmoja juu yao. Hesabu yake ni nyepesi. Kiongozi haongozi kumi na wawili, anaongoza watatu, na kila mmoja wa hao anaongoza watatu.

Ninachokereka nacho ni hiki: walichukua fungu, wakaacha mikutano. Umbo likapita, nusu nyingine ikabaki mlangoni. Labda isingewezekana vinginevyo. Jeshi kubwa haliwezi kumpa kila kuruti zamu ya kumkosoa kanali. Lakini Carlson alichokiona China hakikuwa hesabu ya tatu mara tatu. Aliona kwamba mtu wa tatu kwenye fungu anaweza kuendelea na kazi hata kiongozi akianguka, kwa sababu anaujua mpango. Bila hilo, mafungu matatu ni njia nadhifu ya kupotea pande tatu kwa wakati mmoja.

Jeshi la nchi kavu la Marekani lilikaa kikao Fort Benning mwaka 1946 na kukubali kwamba kumi na wawili ni wengi kwa sauti ya mtu mmoja. Wakashuka hadi tisa. Mnamo 2018 wanamaji nao walitangaza kushuka hadi kumi na wawili, mmoja wao wa kushughulika na droni na mitambo, kisha baada ya majaribio wakarudi kumi na watatu. Sishangai. Mwenye droni ana macho mawili na yote yako kwenye kioo. Lazima awepo wa kulala pembeni yake amwangalizie nyasi. Namba mbili hafi.

Turudi kilimani. Tuliposhuka, kabla ya kuanza upya, lansi koplo wa bombomu, mtu mzima kuliko mimi, aliniita pembeni. "Afande, wewe usinipigie kelele. Ukiinua mkono napiga, ukiushusha nahamishia kulia. Mengine niachie." Nikamuuliza na upande wa kulia niufanyeje. Akanitajia jina la kuruti mmoja mkimya na kusema wenzake humfuata huyo hata kwenda msalani, basi nimwambie yeye mpango wote, asubiri kusikia bombomu ikihama.

Nikamwita kuruti, nikamchorea kilima kwa kijiti mchangani. Ilituchukua dakika kumi ambazo sajini alizihesabu kwenye saa yake bila kusema neno.

Tulipanda. Niliinua mkono mara moja na kuushusha mara moja. Tulifika handakini watu saba, wawili wakiwa bado kwenye bombomu chini kama walivyotakiwa, na mmoja alikuwa amerudi kutafuta kiatu.

"Wangapi wamekusikia?" sajini akauliza.

"Hakuna, afande. Sijapiga kelele."

Akatazama chini, kule ambako lansi koplo alikuwa ameshaanza kukunja mikanda, kisha akaandika kitu kwenye daftari lake na kutuambia tukamtafute mwenye kiatu.